Klarineti na piano: onyesho la watu wawili na mti wa mpingo

Taa za ukumbini hufifishwa, za jukwaani zikabaki zinawaka. Mlango wa pembeni hufunguliwa na kutoka watu wawili tu: mmoja ameshika bomba jeusi lenye urefu wa sentimita 66 hivi, lililosheheni vyuma vinavyometameta, mwingine hana kitu mkononi, kwa kuwa chombo chake ni kizito na kimekwishawekwa katikati ya jukwaa. Huinamisha vichwa kuitikia makofi. Mpiga piano huketi na kubonyeza sauti moja. Mwenzake huipuliza sauti ileile, husikiliza, huvuta kidogo kiungo cha juu cha bomba lake, hupuliza tena. Kisha hufuata kimya kifupi.

Hivyo ndivyo linavyoanza onyesho la klarineti na piano katika kituo cha sanaa cha chuo kikuu cha Marekani. Maonyesho ya namna hiyo hufanyika kwa wingi kila mwaka, na ni machache mno yanayotajwa na vyombo vya habari. Wasikilizaji wa idhaa za Kiswahili huusikia muziki huu kwa nusu dakika tu, pengine kati ya kipindi na kipindi, bila kuambiwa ni muziki gani. Makala haya yanaeleza onyesho hilo ni la namna gani, muziki wake ulitoka wapi na husikilizwaje. Yanaeleza pia jambo ambalo wengi wa walioketi ukumbini hawalijui: kwamba bomba lile jeusi kwa kawaida ni mti uliokatwa Tanzania au Msumbiji, na kwamba hatima ya mti huo inaamuliwa na watu wanaoongea lugha unayoisoma hapa.

Ukumbi ndani ya chuo

Tofauti na miji mikuu ya Ulaya, ambako kumbi kubwa za muziki zilijengwa na wafalme, manispaa au matajiri, sehemu nyingi za Marekani zilipata ukumbi wao wa kwanza wa maana kutoka chuo kikuu. Kituo cha Hopkins katika Chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, kilifunguliwa mwaka 1962. Kituo cha Krannert cha Chuo Kikuu cha Illinois kilifunguliwa mwaka 1969 katika mji wa Urbana, uliozungukwa na mashamba ya mahindi na soya kila upande. Mkulima wa huko akitaka kusikia okestra, haendi Chicago, huenda chuoni.

Ndani ya vituo hivyo mna ukumbi mkubwa wa okestra, ukumbi wa tamthilia, na karibu kila mara ukumbi mdogo kwa ajili ya mpigaji mmoja au wawili. Huo mdogo ndio unaotuhusu. Jioni moja huweza kukaliwa na profesa anayepiga klarineti pamoja na mwenzake wa piano. Jioni ya pili na msanii mgeni aliyealikwa. Jioni ya tatu na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ambaye hatapata shahada yake bila kusimama pale. Kwa mwanafunzi huyo, onyesho ni mtihani. Walimu huketi miongoni mwa watu, kalamu mkononi, na nyuma yao wamo wazazi waliosafiri usiku kucha, wenzake wa bwenini, na wazee wastaafu wa mji ambao hawakosi hata onyesho moja kwa sababu maonyesho ya wanafunzi mara nyingi hayana kiingilio.

Mazoea ya ukumbi humtatiza mgeni. Kazi moja ya muziki huweza kuwa na sehemu tatu au nne zinazotenganishwa na kimya, na desturi ni kutopiga makofi mpaka sehemu ya mwisho iishe. Aliyezoea taarabu, ambako msikilizaji aliyeguswa huinuka na kwenda kumtuza mwimbaji wakati wimbo ukiendelea, ataona ubaridi katika desturi hiyo. Si ubaridi. Ni namna nyingine ya kumtuza mpigaji: kumwachia kimya chake.

Kwamba onyesho ni mtihani si jambo la kushangaza, kwani baadhi ya muziki bora wa klarineti ulitungwa kwa ajili ya mtihani. Shule kuu ya muziki ya Paris, Conservatoire, ilikuwa na desturi ya kuagiza kazi mpya kwa mashindano ya wanafunzi wake kila mwaka. Kwa mashindano ya mwaka 1910 ilimwagiza Claude Debussy, mtunzi aliyekuwa tayari na jina kubwa. Alichoandika kinaitwa Première rhapsodie, na alikitoa wakfu kwa Prosper Mimart, mwalimu wa klarineti wa shule hiyo. Kazi hiyo huanza kwa sauti tatu za polepole, zinazopulizwa kwa upole kana kwamba mpigaji anaamka usingizini, na humalizika kwa mbio za vidole ambazo zimewakosesha usingizi wanafunzi kwa zaidi ya miaka 100. Debussy aliipenda kiasi kwamba mwaka 1911 aliiandika upya ili klarineti isindikizwe na okestra nzima badala ya piano.

Wawili walio sawa

Kosa la kawaida, na sisi tunaotafsiri habari hulifanya mara nyingi, ni kuandika kwamba mpiga piano "anamsindikiza" mpiga klarineti. Katika kazi kubwa za aina hii hakuna anayemsindikiza mwenzake. Chukua mfano wa Johannes Brahms.

Mwaka 1890 Brahms, mtunzi Mjerumani aliyeishi Vienna, alikuwa na umri wa miaka 57 na alikwisha amua kwamba ametunga vya kutosha. Machi mwaka uliofuata alikwenda Meiningen, mji mdogo wa Ujerumani uliokuwa na mtawala mpenda sanaa na okestra nzuri. Humo alimsikia Richard Mühlfeld. Mühlfeld alikuwa ameingia katika okestra hiyo kama mpiga fidla. Klarineti alijifunza mwenyewe, na akaja kuwa mpigaji wake mkuu. Namna yake ya kupuliza ilimfanya Brahms abadili nia. Majira yale yale ya kiangazi cha mwaka 1891 alitunga kazi mbili kwa ajili yake, moja ya wapigaji watatu na nyingine ya wapigaji watano, na mwaka 1894 akaongeza sonata mbili za klarineti na piano. Hizo sonata mbili, zinazoitwa Opus 120, leo ni kama nguzo za nyumba kwa kila mpiga klarineti. Brahms mwenyewe alikaa kwenye piano kuzipiga pamoja na Mühlfeld. Alifariki Aprili 3, 1897.

Sonata ya kwanza huanza na piano peke yake, sauti tupu bila mapambo, kabla ya klarineti kuingia na wimbo wake mpana. Kuanzia hapo mmoja husema na mwingine hujibu. Piano huchukua maneno ya klarineti na kuyageuza, klarineti hushuka chini kabisa na kuiacha piano ipite juu. Mwanafunzi anayejifunza sehemu yake tu, bila kuijua ya mwenzake, hujulikana katika dakika ya kwanza. Ndiyo maana walimu husisitiza kwamba asome nota za piano, si zake tu, na ndiyo maana karatasi ya ratiba isiyotaja jina la mpiga piano, au inayolitaja kwa herufi ndogo chini ya ukurasa, huwaudhi wanamuziki.

Kazi ya pili inayopigwa mno katika kumbi hizi ina hadithi ya huzuni zaidi. Mfaransa Francis Poulenc alitunga sonata yake ya klarineti na piano mwaka 1962, kwa kuombwa na Benny Goodman, mpiga klarineti wa jazi aliyetambulika dunia nzima na ambaye pia aliupenda muziki wa kumbi. Poulenc aliitoa kazi hiyo kwa kumbukumbu ya rafiki yake, mtunzi Arthur Honegger, aliyefariki mwaka 1955. Ilipangwa kwamba Poulenc na Goodman waipige wao wenyewe kwa mara ya kwanza. Januari 30, 1963, Poulenc alifariki ghafla mjini Paris. Aprili 10 mwaka huohuo Goodman aliipiga katika ukumbi wa Carnegie, New York, na aliyekaa mahali pa Poulenc kwenye piano alikuwa Leonard Bernstein. Sehemu ya kwanza ya sonata hiyo imeandikwa maelekezo yanayopingana: ipigwe kwa haraka, lakini kwa huzuni. Anayeisikia huelewa mara moja kwamba maelekezo hayo hayapingani hata kidogo.

Na Bernstein hakuwa mgeni wa klarineti. Kazi yake ya kwanza kabisa kuchapishwa ilikuwa sonata ya klarineti na piano, aliyoimaliza mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 23, naye ndiye aliyeipiga kwa mara ya kwanza pamoja na mpiga klarineti David Glazer huko Boston.

Si zumari

Neno "klarineti" halina historia ndefu katika Kiswahili, na mtafsiri hushawishika kuandika "zumari". Ni vitu viwili. Zumari la pwani yetu lina ulimi wa matete pacha yanayopigana midomoni, na tundu lake hupanuka kuanzia juu hadi chini. Klarineti ina utete mmoja tu, uliofungwa juu ya kipande cheusi kinachoingia kinywani, na tundu lake kwa sehemu kubwa ni la upana mmoja kama la bomba la maji. Tofauti hiyo, inayoonekana ndogo, ndiyo inayoifanya klarineti iwe na tabia yake ya pekee. Mpulizaji wa zumari au filimbi akibana na kupuliza kwa nguvu zaidi, sauti huruka okteva moja juu. Ya klarineti huruka okteva moja na nusu na ushei. Kwa hiyo sauti za chini na za juu za klarineti hazifanani, kana kwamba ni watu wawili: chini kuna kiza na uzito, kama mtu anayesimulia usiku, juu kuna mwangaza unaokaribia sauti ya tarumbeta ndogo. Watunzi wamelichezea jambo hilo kwa miaka mingi. Msikilizaji mgeni akitaka kazi moja ya kufanya ukumbini, na afuatilie ni lini klarineti inavuka kutoka kwa yule mtu wa kwanza kwenda kwa yule wa pili.

Ya pili ni kusikiliza mwanzo wa sauti. Piano haiwezi kuanza sauti bila kishindo cha nyundo juu ya nyuzi, na sauti yake ikishazaliwa huanza kufa. Klarineti huweza kuanza kutoka katika kimya kitupu, ikakua, ikafifia, na msikilizaji asijue ilianza wapi wala iliishia wapi. Kuviweka vyombo viwili vya namna hiyo pamoja ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana. Piano imekwisha rekebishwa tangu asubuhi na haiwezi kupandishwa wala kushushwa. Klarineti hupanda kadiri inavyopata joto la pumzi. Ndicho kisa cha ule mvuto wa kiungo cha juu tuliouona mwanzoni. Nao haufanywi mara moja tu. Hurudiwa kila baada ya kazi.

Mti wenyewe

Klarineti ilibuniwa Nuremberg, Ujerumani, karibu mwaka 1700, na fundi Johann Christoph Denner. Kwa zaidi ya karne moja ilitengenezwa kwa mti wa Ulaya uitwao boksi, wenye rangi ya manjano. Hata zile klarineti za Mühlfeld zilizomrudisha Brahms katika utunzi zilikuwa za mti huo. Tunalisema hili kwa sababu zipo simulizi nzuri zinazotaka kila muziki mkubwa wa klarineti uwe umetoka katika mpingo, na simulizi hizo si za kweli.

Mpingo ulishinda baadaye, katika karne ya 19, kadiri vyuma vya klarineti vilivyoongezeka. Baina ya mwaka 1839 na 1843 mpigaji Hyacinthe Klosé na fundi Louis-Auguste Buffet wa Paris walitengeneza mpangilio mpya wa vyuma ambao mpaka leo ndio unaotumika karibu kote isipokuwa Ujerumani na Austria. Mpangilio huo unahitaji mbao inayoshika nguzo ndogo nyingi na skrubu zake bila kulegea, isiyovimba kwa mate na mvuke, na inayochongeka laini kama chuma. Mpingo, ambao wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon, una sifa zote hizo. Ni mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Una mafuta yake mwenyewe. Mafundi wa Ufaransa huuita mara nyingi kwa jina la jumla la mbao nyeusi, na hapo ndipo asili yake hupotea: msomaji wa Ulaya hawezi kujua kama mbao hiyo ilitoka India, Gaboni au Kilwa.

Ilitoka Kilwa, Lindi, Nachingwea, au ng'ambo ya Mto Ruvuma katika Cabo Delgado. Mti huu huota katika nchi nyingi za Afrika, lakini mpingo wa kuuzwa kwa viwanda vya ala za muziki hutoka zaidi Tanzania na Msumbiji. Wachongaji wa Kimakonde waliujua kabla ya viwanda vya Mantes-la-Ville, karibu na Paris, ambako kampuni kubwa za klarineti zimejikita.

Si mti wa kupendeza ukiwa umesimama. Mara nyingi ni mfupi, una mashina kadhaa yaliyopinda, miiba, na gome la kijivu. Nje ya shina mbao ni ya njano hafifu. Weusi umo moyoni tu. Hukua polepole mno: kufikia unene wa kuvunwa huhitaji miaka 70 hadi 100 au zaidi. Mche mchanga huchomwa na moto wa kiangazi, hufa hadi ardhini, huchipua tena kutoka mzizini, huchomwa tena, na huenda hali hiyo ikajirudia kwa miaka mingi kabla haujawa mrefu kuushinda moto. Nao ukishakua, fundi hataki ufa, wala kifundo, wala pindo. Katika gogo lililofika kiwandani, sehemu inayoishia kuwa ala ya muziki ni ndogo, mara nyingi chini ya moja ya tano. Nyingine ni vumbi na takataka.

Ni nani anayefaidi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa rahisi: si mwanakijiji. Mfanyabiashara alifika na kibali kutoka mjini, akakata, akaondoka. Mwenye msitu jirani yake hakuwa na sababu ya kuulinda. Kwake mti ambao hautamletea kitu haukuwa na tofauti na kuni.

Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 ilifungua mlango mwingine. Iliruhusu kijiji kutenga sehemu ya ardhi yake kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji, kikapanga chenyewe mavuno na kubaki na mapato yake. Katika wilaya ya Kilwa shirika la kuhifadhi mpingo, linalojulikana leo kwa kifupi cha MCDI, lilivisaidia vijiji kupima misitu, kuhesabu miti na kuandika mipango. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu, FSC, ambacho humthibitishia mnunuzi kwamba mbao imevunwa kwa utaratibu. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaomilikiwa na jamii kupata cheti hicho.

Cheti si mwarobaini. Kupima msitu, kulipa wakaguzi na kulinda mipaka ni gharama, na zipo nyakati ambapo wanunuzi wa mbao yenye cheti ni wachache kuliko ilivyotarajiwa, kwa sababu mbao isiyo na cheti ni rahisi zaidi. Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anapoona kwamba wanamuziki wana la kujibu. Mpiga klarineti hujua jina la fundi aliyetengeneza chombo chake, mwaka kilipotengenezwa, na hata shamba la kusini mwa Ufaransa lililootesha tete lake. Jina la kijiji kilichootesha mti halimo popote katika karatasi anazopewa.

Mwaka 2017, kuanzia Januari 2, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, CITES, uliweka jamii nzima ya Dalbergia katika orodha ya mimea ambayo biashara yake huhitaji vibali. Lengo kuu lilikuwa kuzuia uvunaji holela wa miti ya rangi nyekundu kwa ajili ya samani huko Asia, lakini mpingo uliingizwa pamoja na ndugu zake. Okestra na mafundi walilalamika kwamba chombo kilichokwisha tengenezwa hukwama forodhani. Kuanzia Novemba 26, 2019, ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa vibali hivyo. Magogo na mbao za kupasuliwa havikusamehewa. Kwa maneno mengine, klarineti hupita mpakani huru, na mti hupita na karatasi.

Upande wa pili wa jukwaa

Yaliyosemwa juu ya klarineti yana mwenzake katika piano, na historia yake ni chungu zaidi.

Piano ina vibonyezo 88, na 52 kati yake ni vyeupe. Katika piano za zamani, ambazo vyuo vingi bado vinazo katika vyumba vya mazoezi au vya kumbukumbu, weupe ule ni vipande vyembamba vya pembe za ndovu. Pembe laini za Afrika Mashariki ndizo zilizopendwa na mafundi, kwa sababu hazipasuki upesi. Katika jimbo la Connecticut viwanda vya Deep River na kijiji jirani vilikata pembe hizo kwa ajili ya piano za nchi nzima. Kijiji hicho kilipewa jina la Ivoryton, kwa maana ya mji wa pembe. Mwaka 1909 viwanda vya Marekani vilitengeneza piano zaidi ya 300,000.

Pembe zilifika huko kupitia Zanzibar. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta kitambaa kigumu cha pamba ambacho wenyeji walikiita amerikani, jina ambalo lugha yetu haijalisahau, na wakaondoka na pembe. Kutoka Ujiji kwenda Tabora, na kutoka Tabora kwenda Bagamoyo, zilibebwa mabegani. Wabebaji wengi walikuwa Wanyamwezi waliofanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari. Wengine walikuwa watumwa ambao waliuzwa pamoja na mzigo wao walipofika pwani. Kiswahili kilisafiri katika misafara hiyohiyo kwa njia ya kurudi. Vitongoji kama Buyenzi mjini Bujumbura, ambako hii ni lugha ya nyumbani kwa vizazi kadhaa, ni sehemu ya urithi uleule.

Katikati ya karne ya 20 watengenezaji wa piano wa Marekani waliacha pembe na kutumia plastiki, na mwaka 1989 CITES ilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu. Piano mpya iliyo jukwaani leo haina hata kipande cha tembo. Wapigaji wa zamani walilalamika kwamba plastiki huteleza kidole kikitoa jasho. Muziki uliendelea.

Je, klarineti nayo itaupata mbadala? Kwa wanaoanza umekwishapatikana: klarineti nyingi za watoto wa shule ni za plastiki. Kwa wapigaji wa kumbini, kampuni ya Buffet Crampon hutengeneza aina inayotumia vumbi la mpingo, asilimia 95, lililochanganywa na nyuzi za kaboni na kushindiliwa, ili ile sehemu kubwa ya gogo iliyokuwa ikitupwa iwe chombo. Haipasuki kwa baridi. Wapo wanaoipiga jukwaani na hakuna aliyeketi chini anayetambua tofauti. Hata hivyo wengi bado wanataka mti mzima, na hoja yao si ya kupuuzwa: wanasema kidole na mdomo hutambua kile ambacho sikio la msikilizaji haliwezi.

Mti mzima una masharti yake. Klarineti mpya haipigwi saa nyingi. Wiki za kwanza mwenyewe huipiga kwa dakika chache kwa siku, huifuta, huiacha ipumzike, kwa kuwa pumzi ya moto ndani na hewa ya baridi nje huweza kuipasua kuanzia juu. Usiku wa Januari huko Illinois, baada ya makofi ya mwisho na maua, mwanafunzi aliyefaulu mtihani wake hukaa nyuma ya jukwaa, huvivua viungo vyote vitano, hupitisha kitambaa ndani ya kila kimoja mpaka kitoke kikavu, hubana kikaratasi chembamba chini ya kila kifuniko cha tundu kilichoshika maji, na huviweka vyote sandukuni kabla hajavaa koti na kwenda nje kuwaona wazazi wake.